Upande wa Kushoto

Siku ya tatu ya matanga yake, mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami alisema marehemu aliugua kwa subira. Wenzake wakaitikia: kwa subira, naam, na kwa upole, hata hukumsikia akilalamika. Niliinuka nikaenda jikoni, maana ningebaki pale ningesema maneno yasiyosemwa matangani. Miaka mingi imepita na uongo ule bado wanikera. Yule mama hakuugua kwa subira. Aliugua kwa hasira, miaka minne mizima, na hasira zake alizitumia kama alivyotumia mkasi. Alijua pa kukatia.

Sisi wa Kibokoni, hapa Mombasa, tulimwita Bi Fundi. Alikuwa mshonaji wa nguo za kike. Chumba chake cha chini kilitazamana na mlango wetu, na ukifungua dirisha asubuhi, sauti ya kwanza ilikuwa ya cherehani yake. Nguo zangu zote, tangu sare za shule hadi gauni nililoolewa nalo, zilipita mikononi mwake. Nilipoanza kufundisha shule ya msingi kule Tudor alinishonea sketi tatu. Siku ya kuzijaribu alinibonyeza mgongoni kwa kidole mpaka nikasimama wima.

"Hivyo hivyo," akasema. "Nguo yangu haivaliwi na mtu aliyeinama."

Hasira hazikuanza na ugonjwa. Tangu nilipokuwa mdogo nilimwona akiwarudishia wateja vitambaa vyao. Mama mmoja alitaka gauni la satini libanwe kiunoni ili aonekane mwembamba. Bi Fundi alimzungushia futi ya kupimia, akaisoma namba kwa sauti, halafu akaikunja ile satini na kumtilia mikononi.

"Mimi nashona mwili ulionao. Ukitaka mwili mwingine, tafuta fundi mwingine."

Mwili wake mwenyewe aliupenda bila kuona haya. Alikuwa mrefu, mpana, kifua kimejaa, na alitembea kama mtu aliyepewa njia nzima. Alikuwa akisema, "Mungu aliponikata hakubania kitambaa." Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walicheka wakaziba midomo kwa leso, na yeye aliendelea kutunga uzi kwenye sindano. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Waliokuja kumposa baadaye aliwakataa, mmoja kwa sababu ya sauti yake, mwingine kwa sababu ambayo hakuitaja.

Kila siku baada ya Alasiri aliacha kazi, akaoga, akatia wanja na poda, akachomeka asumini kwenye nywele, kisha akarudi kuketi mbele ya cherehani kama mgeni aliyealikwa. Nikiwa msichana nilimwuliza mara moja, "Wamngoja nani, Bi Fundi?"

"Simngoji mtu," akasema. "Nimeshafika."

Huyu ndiye mwanamke waliyemwambia kwamba titi halimfai kitu.

Kuna jambo moja sikulielewa kamwe. Mtu aliyezungumza wazi juu ya miili yetu sote alikaa karibu mwaka mzima na kivimbe kwenye titi la kushoto, ukubwa wa kokwa ya ukwaju, bila kumwambia mtu. Nilipomwuliza baadaye alinijibu kwa neno moja, "Aibu." Hakulifafanua, na uso wake ulinikataza kuuliza tena. Mwishowe aliona ngozi inavutika ndani kama mshono uliokazwa vibaya, akamwita mwanawe.

Mwanawe alikaa Tudor na mkewe, akifanya kazi katika ofisi moja bandarini. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia, kwa sababu wema wake ulikuwa wa kumwamulia mtu. Alimpeleka mamake hospitali. Daktari akamwita yeye ndani na kumwacha mgonjwa kwenye benchi la nje. Walizungumza kitambo. Akatoka akamwambia mamake kwamba kutafanywa upasuaji mdogo, kivimbe kitolewe, basi. Karatasi za ruhusa alizitia sahihi yeye.

Bi Fundi alinisimulia habari hii akiwa anashona kifungo, hakuinua macho.

"Nililala na mawili, nikaamka na moja. Hakuna aliyenibishia hodi."

Asubuhi daktari alipopita vitandani, Bi Fundi alimwuliza kwa nini hakuambiwa. Yule bwana alikuwa na haraka. Huenda hakuwa mtu mbaya, lakini maneno yake nayajua kwa moyo kwa sababu Bi Fundi aliyarudia mara nyingi, kila mara kwa sauti ileile ya baridi. Alimwambia, "Mama, wewe ni mtu mzima. Hunyonyeshi, na mume huna. Titi lakufaa nini? Shukuru uhai."

Bi Fundi akamtazama. "Na wewe, daktari, una masikio mawili. Yakufaa nini, na hata moja hulitumii?"

Wauguzi waligeuka wakacheka ukutani. Mwanawe aliinamisha uso. Alipofika Kibokoni alilalamika kwa mamangu kwamba mzee amemvunjia daktari heshima. Mamangu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Nami nilikuwepo. Katika chumba kile hakuna aliyetaja heshima ya nani ilivunjwa kwanza.

Halafu wakaanza kuja wageni. Walikuja makundi makundi na machungwa na maziwa, wakaketi, wakauliza hali, na katikati ya kuuliza hali macho yao yaliteremka kifuani mwake na kupanda tena upesi. Walijidhani hawaonekani. Mtu aliyetumia maisha yake kupima watu kwa jicho atakosaje kuona jicho la mwenzake? Ugonjwa wenyewe waliuita "ule ugonjwa", kwa kunong'ona. Yeye alisema saratani, wazi, kama anavyosema satini.

"Bora uhai," walimwambia. "Na umri nao umekwenda."

"Umekwenda wapi?" aliuliza. "Mimi sikuuona ukipita hapa."

Jamaa yake mmoja alisema ni afadhali balaa hili halikumpata msichana, ambaye bado ana maisha. Bi Fundi aliinuka taratibu, maana kidonda kilikuwa kibichi, akafungua mlango wa nje na kusimama nao.

"Ahsante kwa machungwa," akasema.

Mwingine akamnasihi ashukuru Mungu. Alimjibu bila kupandisha sauti, "Shukrani zangu ni baina yangu na Mola wangu, na kila swala nampa. Wewe n'ambie umekuja kufanya nini." Yule mama akaanza kutafuta viatu vyake. Alikuja kutazama, kama wote.

Na ajabu ni kwamba Ijumaa ikipita bila mgeni, alinuna. "Wamekufa wote?" aliniuliza. Aliwachukia wakija na aliwachukia wasipokuja, nami nilikuwa nikijiuliza awezaje kuridhishwa mtu huyu. Leo naona swali lilikuwa rahisi. Alitaka waje waketi, wazungumze habari za arusi na bei ya lesi, wamtazame usoni. Hakuna aliyemletea hilo.

Hospitali hawakumpa kitu cha kutia pale palipokuwa tupu, wala kumwambia kwamba kitu kama hicho kipo. Akajishonea mwenyewe. Alianza na pamba, akaikatia kifuko cha kitambaa cha marekani na kukishonea ndani ya sidiria. Kufika adhuhuri pamba ilikuwa nyepesi mno, imepanda hadi karibu na bega. Akajaza vitambaa, joto likamtoa vipele juu ya kovu. Mwisho akatia choroko. Uzito ulikaribiana, na zilikaa mahali pake. Alitembea mbele yangu chumbani, akageuka, akatembea tena.

"Sema kweli."

"Haionekani," nikamwambia.

Zikapita wiki mbili tatu. Siku moja nilibisha hodi nikamkuta ameketi kitandani, kifuko mkononi. Alikuwa amekifua bila kuzitoa choroko, akakianika ndani pasipo jua. Zilikuwa zimeota. Vijimea vyeupe vilichomoza kwenye mshono.

"Angalia," akasema. "Limezaa."

Akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu. Kisha nikagundua kwamba mimi peke yangu ndiye ninayecheka. Machozi yalimteremka bila sauti na hakuyafuta. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Akainuka akakirusha kile kifuko dirishani, kikaangukia uchochoroni, na hatukukitaja tena.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Wateja walianza kupungua, lakini hawakuacha ghafla. Kwanza waliacha kuja wenyewe. Walituma mtoto na gauni la zamani: mama asema ukate kwa hili. Ulikuwa umezuka uvumi, sijui kwa nani, kwamba ugonjwa huo huruka, na kwamba mkono wake una kisirani kwa maharusi. Hawakutaka awaguse. Nguo zake walizitaka bado, kwa sababu hapakuwa na mshonaji kama yeye mji mzima. Ni mikono yake tu waliyoikataa.

Alielewa tangu gauni la pili. Alilikunjua, akalipima kwa jicho, akalirudisha kwa aliyelileta. "Mwambie mamako amenenepa tangu ashonewe hili. Namwona akipita. Akitaka nguo imkae, na aje."

Mama huyo hakuja. Wengi hawakuja.

Nami, karibu na Idd, nilimtuma mtoto wa dadangu apeleke kitambaa changu na gauni langu la kijani. Niliagiza aseme nina madaftari mengi ya kusahihisha. Shule ilikuwa imefungwa wiki ile, na yeye alijua, kwa sababu aliniona kila siku nikianika nguo dirishani. Sikuamini kisirani. Nilisoma chuo cha ualimu, nilijua saratani hairuki. Lakini nilipofikiria vidole vyake vikinipitia kifuani na futi, mwili wangu ulirudi nyuma wenyewe, nami nikautii. Nawakasirikia wote waliofanya hivyo, na siwezi kujitoa kati yao.

Kitambaa changu hakukirudisha. Alishona gauni jipya, akaniletea, na lilinikaa kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Siku ya Idd nililivaa nikaenda kumwamkia. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Mwili wako naujua tangu huna kiuno," akasema. "Lile gauni la kijani sikulihitaji. Wewe ndiye uliyelihitaji."

"Nisamehe, Bi Fundi."

"Samahani yako iweke. Leo sina pa kuitia."

Akanipa sahani ya vileja. Tangu siku ile nilikwenda kwake kila nilipotoka kazini. Hakunifukuza, wala hakusema yameisha.

Kwa mwanawe alikuwa mkali zaidi, na hapo sikuwa upande wake. Kila Jumamosi yule bwana alikuja na dawa na matunda. Bi Fundi alivipokea mlangoni, akamuuliza habari za wajukuu, basi. Hakumruhusu kukaa wakati wa kufunga kidonda, wala hakumwonyesha kovu. Siku moja nilikuwa chumba cha ndani nikikata nyuzi, nikawasikia.

"Mama, nilitaka uishi."

"Najua," akasema. "Ungeniuliza, ningekwambia hata mimi nataka hivyo."

Nilipotoka nilimkuta mwanawe ameketi kwenye ngazi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, amefunika uso kwa mikono. Nilirudi ndani nikamwambia Bi Fundi kwamba amezidisha. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani.

"Huenda," akasema. "Lakini yeye akilia, wote mwamwendea. Mimi niliambiwa nishukuru."

Mwaka wa pili baada ya upasuaji kulikuwa na arusi ya mtaani kwetu, na baada ya Alasiri sherehe ya wanawake ukumbini. Kabla ya hapo alikuwa amejifungia siku nne akishona, hakuniambia nini. Tulikwenda pamoja tumevaa mabuibui. Mlangoni akalivua lake akanikabidhi.

Lilikuwa gauni la krepu rangi ya zambarau, mikono mirefu, shingo ya heshima. Upande wa kulia ulikatwa kwa ule uhodari wake tulioujua, umejaa na kukaza palipostahili. Upande wa kushoto ulishuka moja kwa moja kutoka begani hadi kiunoni, laini, bila pindo wala kujaza. Hakuna kilichofichwa. Mazungumzo yalikatika meza baada ya meza.

Mke wa mwanawe alikuja mbio na leso. "Mama, jifunike hii, tafadhali. Watu."

"Watu nimewaona," akajibu. "Nguo hii nimeikata kwa vipimo vyangu. Ni ya kwanza kunikaa katika miaka miwili."

Akaenda kuketi mstari wa mbele. Nilikaa naye, na naungama kwamba nusu yangu ilitamani kuwa meza nyingine. Wanawake walitazama viganja vyao. Hatimaye akaja bibi mmoja nisiyemjua, mgeni wa upande wa bwana arusi. Aliinama, akashika ule mshono wa kushoto baina ya vidole viwili, akaufuata mpaka chini.

"Umenyooka," akasema.

"Krepu ni ngumu," akajibu Bi Fundi. "Huteleza."

Wakazungumza habari za krepu mpaka biriani ilipoletwa. Nilimwona akinyoosha shingo, akacheka mara mbili. Sitaki kusema kwamba siku ile iliwabadilisha watu. Wateja wachache walirudi, wakasimama mbele yake na kuinua mikono wapimwe. Wengi walipata la kusema kwa mwezi mzima, kwamba mzee amerukwa na akili, kwamba mwanamke wa rika lake hujistahi. Kana kwamba alikuwa akifanya jambo jingine ila kujistahi.

Mwaka wa nne mgongo ulianza kumuuma, akawa akikohoa. Alisema ni cherehani, nami nilijua hasemi kweli kwa sababu aliacha kubishana. Ndipo siku moja akanibishia hodi yeye, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaniambia, "Kesho nisindikize hospitali. Mwanangu usimwambie."

Tulikwenda. Daktari alikuwa mwingine, kijana, mwenye adabu. Alimpiga picha za kifua na mgongo, akazitazama muda mrefu kwenye mwanga, kisha akaandika barua kwa Kiingereza na kuitia katika bahasha. Akasema tumpelekee daktari mkubwa wa Nairobi, yeye ndiye atakayeeleza zaidi. Bahasha akanipa mimi.

Tulipofika kwenye benchi la ushorobani Bi Fundi akaichukua mkononi mwangu akaichana.

"Hiyo ni ya daktari," nikasema.

"Habari zilizomo ni zake au zangu?"

Akanirudishia karatasi. "Soma. Kwa Kiswahili."

Niliipitia kwa macho kwanza. Nikamsomea kwamba alifanyiwa upasuaji, kwamba sasa ana maumivu ya mgongo, na kwamba inaombwa achunguzwe zaidi. Nikakunja karatasi.

Akaikunjua. Kiingereza hakukijua, lakini alipitisha ukucha pembeni, mstari kwa mstari, kama anavyohesabu mishono.

"Hii ina mistari kumi na minne. Wewe umesoma mitatu."

"Bi Fundi..."

"Mwanangu, nimechoka na watu wanaonipenda. Soma."

Nikasoma. Ugonjwa umerudi. Umeingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo na kwenye pafu. Upasuaji hautafaa. Huenda matibabu ya miale yakapunguza maumivu. Zaidi ya hapo apewe dawa za kutuliza, na jamaa zake waarifiwe. Sauti yangu ilikatika mara mbili, na mara zote mbili alingoja bila kunisaidia. Mbele yetu watu walipita na kadi zao. Alikuwa ameweka viganja juu ya magoti, ananitazama mdomo.

Nilipomaliza alinyoosha kidole kwenye karatasi. Kisha akasema, "Ule wa juu kabisa. Uliupita mbio."

"Ni wa kukutambulisha tu."

"Usome."

Nikausoma. "Mkongwe huyu, mwenye umri wa miaka sabini..."

"Mkongwe nani?"

Nikalifunika neno lile kwa kidole gumba.

"Na sabini kaipata wapi? Hakuniuliza. Mimi nina sitini na nne." Damu ilikuwa imempanda usoni, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alikaa mgongo wima. "Una kalamu?"

"Hii ni barua ya daktari. Haikatwi."

"Miaka ni yangu. Kata."

Nikafungua mkoba. Nilikuwa na ile kalamu nyekundu ya kusahihishia tu. Niliiweka barua juu ya goti, nikapiga mstari juu ya sabini, nikaandika sitini na nne. Neno la mkongwe nalo nikalikata. Aliinamia karatasi, akauchunguza ule wekundu kwa karibu, kama asiyeuamini mkono wangu.

"Hapo juu niweke nani, badala ya mkongwe?" nikamwuliza.

Alifikiri.

"Weka fundi."

Nikaandika. Akajitengeneza buibui, akaegemea ukuta.

"Sasa soma tena," akasema. "Tangu juu. Polepole."

Nikaanza, "Fundi huyu, mwenye umri wa miaka sitini na nne," na safari hii sikuruka mstari hata mmoja.